Barua ya wazi kwa Waziri wa Fedha: kampuni yetu ya Tororo ni ya nchi gani?

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kutoka Kibuye, Kisumu, dukani kwetu. Tunauza vipuri vya mashine za kusagia: mikanda, beringi, nyundo, chekeche. Baba alianza na meza moja sokoni. Leo tuna duka, bohari na kampuni ndogo Tororo, Uganda, anayoiendesha kaka yangu. Imesajiliwa huko, kodi yake inalipwa huko, na miaka yote tumeamini hayo yanatosha.

Hayatoshi. Sheria ya Kodi ya Mapato, Sura ya 470, kifungu cha 2, inaihesabu kampuni kuwa mkaazi wa Kenya, yaani ya kudaiwa kodi hapa kama kampuni ya Kenya, ikiwa imesajiliwa hapa, au uongozi na udhibiti wa shughuli zake ulifanyika hapa mwaka huo, au wewe mwenyewe umeitangaza kuwa mkaazi katika Gazeti Rasmi la Serikali. Hilo la pili ndilo linaloninyima usingizi.

Hebu nikueleze udhibiti unavyofanyika kwetu. Jumapili baada ya ibada tunakula kwa Baba. Sahani zikishaondolewa, kaka anapiga simu kutoka Tororo, simu inawekwa katikati ya meza, na Baba anaamua: bei ya beringi, mteja wa kukopeshwa mali, fundi wa kuajiriwa. Hundi kubwa haitoki bila idhini yake. Kaka ndiye mkurugenzi kwenye karatasi, lakini amelelewa asimtangulie baba yake kwa neno. Hatufichi kitu. Ndivyo familia nyingi za huku zinavyofanya biashara, wenye malori wa Busia na hata wauza samaki wenye ofisi Mwanza. Lakini afisa wa kodi akiketi mezani pale atasema kampuni ya Tororo inaongozwa Kisumu, na sijui nitamjibu nini.

Kipimo hiki tumekirithi kwa Waingereza. Mwaka 1906 House of Lords, iliyokuwa mahakama yao ya juu kabisa, iliamua kwamba De Beers, iliyosajiliwa kusini mwa Afrika na kuchimba almasi Kimberley, ilikuwa mkaazi wa Uingereza kwa sababu maamuzi yake makuu yalifanyika London. Kampuni ile ilikuwa na bodi, mawakili na kumbukumbu za vikao. Sisi tuna simu mezani.

Uganda inaihesabu kampuni yetu kuwa mkaazi kwa kuwa imesajiliwa kwao. Kenya nayo ikiihesabu, faida ile ile itadaiwa asilimia 30 Kampala na asilimia 30 Nairobi. Mzozo wa namna hiyo huamuliwa na mkataba wa kuzuia kutozwa kodi mara mbili. Tunao na Uingereza, Ujerumani, hata Norway. Ule wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulitiwa sahihi mwaka 2010 na haujaanza kutumika, kwa kuwa si nchi zote zilizouridhia. Wafanyabiashara wadogo wa magharibi mwa Kenya huvukia Uganda kupitia Busia na Malaba, na hapo ndipo hatuna kinga.

Naomba uwasukume wenzako wa Jumuiya wamalize kuuridhia. Na kabla ya hapo, Mamlaka ya Mapato iandike mwongozo wa lugha nyepesi: ushauri wa mzazi mwenye hisa unageuka lini kuwa udhibiti? Vikao vya wakurugenzi vifanyike wapi, na viandikwe vipi? Najua Sheria ya Taratibu za Kodi ya 2015 inamruhusu mlipakodi kuiomba Mamlaka uamuzi kuhusu hali yake binafsi, lakini ombi hilo linahitaji mshauri wa kulipwa. Na makadirio ya kodi kutoka kwa Mamlaka yakishafika, mtu ana siku 30 tu za kuyapinga.

Baba ana miaka 74 na magoti yanamsumbua. Mwezi ujao atasafiri hadi Tororo ili kikao cha hesabu za mwaka kifanyike huko, kwa sababu mimi nilimwomba. Mheshimiwa, nataka kujua kama safari hiyo inatosha.

Wako mwaminifu,
Mtunza hesabu wa duka la familia, Kibuye