Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Wanachama: Shughuli za Msimu wa Vuli Maktabani

Ndugu wanachama, wazee wetu, akina mama na vijana mliofika,

Kwa mujibu wa katiba ya chama chetu cha marafiki wa maktaba, ninawajibika kuwasilisha mbele yenu taarifa ya mwaka. Kwa kuwa sehemu kubwa ya kazi zetu hufanyika kati ya Septemba na mwisho wa mvua za vuli mwezi Desemba, taarifa hii itajikita katika kipindi hicho.

Shughuli za kawaida mnazifahamu na sitawachosha. Siku ya Kimataifa ya Kusoma na Kuandika, tarehe 8 Septemba, tuliiadhimisha. Mafunzo ya kompyuta kwa vijana waliomaliza darasa la saba na kubaki nyumbani wakisubiri matokeo yalifanyika, na mdahalo wa Siku ya Nyerere, tarehe 14 Oktoba, pia ulifanyika. Maonesho ya vitabu tuliyafunga tarehe 9 Desemba, siku ya Uhuru, ambayo sisi watu wa maktaba tuna sababu ya ziada ya kuienzi, kwa kuwa ndiyo tarehe ambayo Mwalimu Nyerere aliifungua Maktaba Kuu ya Taifa hapa Dar es Salaam mwaka 1967. Wote waliojitolea ninawashukuru. Spika, mikeka na viti vya nyongeza nilivifuatilia mwenyewe, na gari lilipokosekana nilivisafirisha kwa bajaji kwa fedha yangu, ambayo sijaidai wala sitaidai.

Sasa niingie katika jambo ambalo limezungumzwa zaidi pembeni na katika kundi letu la WhatsApp kuliko lilivyozungumzwa vikaoni, yaani uamuzi wa kuunganisha saa ya hadithi za watoto na baraza la ushairi la wazee kuwa kikao kimoja cha rika zote, kila Jumamosi saa nne asubuhi. Imesemwa kwamba mwenyekiti aliamua peke yake, na kwamba wazee wamevunjiwa heshima kwa kuketishwa pamoja na watoto wa chekechea. Yote mawili si kweli, na ninaomba nieleze kwa kirefu ili jambo hili liishe leo.

Kila ifikapo Oktoba, watahiniwa wa kidato cha nne hufurika maktabani kujiandaa kwa mtihani wa Novemba. Safari hii walikosa hata pa kukaa, wengine wakasomea kwenye ngazi, na uongozi wa maktaba ukaona ni haki ukumbi mdogo uwe chumba cha kusomea. Hakuna mzazi anayeweza kulaumu hilo. Sisi tulibakiwa na nafasi moja tu kwa wiki, ya saa mbili. Kamati Tendaji ililazimika ama kufuta mojawapo ya shughuli hizo ama kuziunganisha. Kikao kiliitishwa kwa barua. Baadhi ya wajumbe wanaolalamika leo hawakufika na hawakutoa udhuru. Waliofika walitimiza akidi, na muhtasari uko kwa Katibu kwa yeyote anayetaka kuusoma.

Kufuta saa ya hadithi kungewarudisha watoto mitaani. Kufuta baraza la ushairi nisingekubali kamwe, maana mimi ndiye niliyelianzisha wakati wengi walisema halitadumu hata mwezi.

Waliohudhuria wanajua kilichotokea. Mzee wetu mmoja, aliyekuja akiwa amenuna, alikuwa anasoma shairi lake la tarbia, yaani la mishororo (mistari) minne katika kila ubeti, na binti wa darasa la nne akamuuliza kwa nini anapumzika katikati ya kila mshororo. Mzee aliweka karatasi mezani, akamwonesha ukwapi na utao, yaani nusu ya kwanza na nusu ya pili ya mshororo, akamfundisha kuhesabu mizani, yaani silabi, nane huku na nane kule. Binti akahesabu kwa vidole, na vilipomwishia akaazima vya mwenzake. Kisha akasema kwamba mshororo wa tatu una mizani kumi na tano. Wazee walihesabu upya wakakuta ni kweli, na mzee akaomba kalamu akaurekebisha palepale. Tangu siku hiyo hakukosa Jumamosi hata moja. Ninauliza kwa heshima zote, je, huko ndiko kuvunjiwa heshima?

Kuhusu kelele, watoto wa chekechea walitolewa barazani kila baada ya nusu saa ya kwanza, wakiwa na mlezi wao na vitabu vya picha. Aidha, wengi wetu tuliokulia miaka ya 1970, baada ya Serikali kuutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, tuliwasindikiza mama zetu madarasani jioni, tukakaa pembeni tukisikiliza. Hakuna aliyetufukuza, na wapo miongoni mwetu waliozijua herufi kwa njia hiyo kabla ya kuanza shule.

Linalonisikitisha zaidi ni mahudhurio. Ninaelewa kwamba mvua ikizidi, maji hufunika Barabara ya Morogoro pale Jangwani, mabasi ya mwendokasi husimama, na mwanachama wa Magomeni au Kimara hana njia ya kufika mjini. Lakini Jumamosi nyingi hazikuwa na hata wingu, na bado wajumbe wa kamati walikuwa wachache kuliko watoto waliotembea kwa miguu kutoka Mchikichini. Mwalimu mstaafu tuliyemwalika kuzungumzia uandishi wa insha alihutubia viti vitupu, na mimi ndiye niliyebaki kumwomba radhi.

Upande wa fedha, tuna wanachama 86 na ada ni shilingi 24,000 kwa mwaka. Waliolipa kamili ni 31, waliolipa nusu ni 19, na 36 hawajalipa chochote. Makusanyo ni shilingi 972,000 na matumizi ni shilingi 915,000, yakiwemo vitabu vya watoto 420,000, chai na vitafunio 310,000, kukodi spika 120,000 na mabango 65,000, hivyo salio ni shilingi 57,000. Kati ya hao 36 wamo waliouliza kwa sauti kubwa fedha zimekwenda wapi. Mweka Hazina ana daftari la stakabadhi, na ninawaomba wapitie kwake kabla ya kuondoka.

Kwa mwaka ujao tunatarajia, hali ikiruhusu, kupata wafadhili wa rafu ya vitabu vya maandishi makubwa kwa wazee, kupeleka hadithi katika shule za jirani, na pengine kuwa na spika yetu wenyewe. Kikao cha rika zote kitaendelea hadi ukumbi mdogo utakaporejeshwa, na wazee watakaotaka kujitenga wakati huo hawatazuiwa.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti
Dar es Salaam