Odsal nao ni uwanja

Mhariri,

Kurasa zenu za michezo zikigusa viwanja vya Uingereza huishia Wembley na Old Trafford. Naomba nafasi kidogo niwatajie Odsal, uwanja wa Bradford Bulls, klabu ya raga ya wachezaji 13.

Klabu hiyo, enzi hizo ikiitwa Bradford Northern, ilihamia hapo mwaka 1934. Palikuwa shimo kubwa lililotumika kama jalala la manispaa. Taka na majivu vilimwagwa pembezoni na kushindiliwa, vikawa miteremko ya kusimamia watazamaji. Vyumba vya kubadilishia nguo vilikuwa juu, hivyo wachezaji walishuka uwanjani wakipita katikati ya mashabiki, na waliofungwa walipanda kurudi kwa njia ileile. Sijui nani angependa kupanda ngazi zile siku ya kipigo!

Tarehe 5 Mei 1954, Halifax na Warrington walirudiana hapo fainali ya Kombe la Challenge baada ya sare ya 4-4 Wembley. Idadi rasmi ya watazamaji ilikuwa 102,569. Warrington walishinda 8-4.

Klabu imepita kwenye madeni mazito, na mwaka 2012 chama cha mchezo huo kilinunua haki ya upangaji wa uwanja ili usipotee. Kwa maoni yangu walifanya vyema, hata kama upepo wa pale juu hauna huruma na paa ni chache.

Msomaji wenu,
Bradford, Uingereza