Wito wa Harambee: Wanafunzi wa Mahusiano ya Kazi na Ajira Wasiishie Njiani

Kwa wahitimu wenzetu, viongozi wa vyama vya wafanyakazi, waajiri na wote wanaoitakia mema taaluma hii,

Tunawasalimu kwa heshima. Tunaona haya kuwabishia hodi tena mapema hivi, kwa kuwa harambee iliyopita mlitoa kwa moyo mkunjufu, na baadhi ya waliosomeshwa na michango ile leo ni wasuluhishi wa migogoro ya kazi. Shida iliyotufika, hata hivyo, haisubiri.

Yupo mwanafunzi wetu wa mwaka wa mwisho anayelinda ghala usiku kucha, bila mkataba wa maandishi wala likizo, kisha asubuhi huingia darasani kusoma haki ambazo yeye mwenyewe hana. Sasa mafunzo kwa vitendo yanakaribia, nayo ni ya mchana kutwa na hayana posho. Akiacha lindo atakosa ada na nauli. Akibaki lindoni hatahitimu. Wenzake kadhaa wamo katika hali hiyo hiyo.

Mafunzo hayo hayana mbadala. Darasani mwanafunzi huelezwa kwamba katika usuluhishi pande mbili huamua zenyewe, ilhali katika uamuzi wa mwamuzi hukumu hutoka kwa mtu wa tatu. Lakini namna kiongozi wa chama anavyoomba muda akashauriane na wanachama kabla ya kukubali nyongeza ya mshahara, au mwajiri anavyofungua vitabu vya hesabu kueleza kwa nini hawezi kufika kiwango kinachodaiwa, hujulikana kwa kuketi kwenye meza yenyewe ya majadiliano. Shirika la Kazi Duniani, lililoundwa mwaka 1919, limejengwa juu ya meza ya namna hiyo, yenye serikali, waajiri na wafanyakazi. Mwaka 1944, katika Azimio la Philadelphia, lilitamka kwamba kazi si bidhaa, na Mkataba wake namba 98 wa mwaka 1949 ukalinda haki ya kujadiliana kwa pamoja, yaani wafanyakazi kupitia chama chao kupatana na mwajiri juu ya masharti ya kazi. Haki hiyo hufifia pale ambapo upande mmoja hauna mtu aliyefunzwa kuitumia.

Wapo kati yetu waliolipiwa mwaka wa mwisho na watu wasiowajua hata kwa sura, na tangu wapate vyeo hatujaliona jina lao katika daftari la michango. Tunawakumbusha kwa upendo, tukiamini kwamba Mwenyezi Mungu amewajalia ili nao wawashike wengine mkono.

Kila mchango utapewa stakabadhi, ada zitalipwa chuoni moja kwa moja, na hesabu zitakaguliwa na wachangiaji wawili mtakaowachagua wenyewe. Mwajiri asiyeweza kutoa fedha atupokelee mwanafunzi mmoja kwa muda wote wa mafunzo, ampe posho ya nauli, na amwandikie mkataba.

Kamati ya Harambee