Malalamiko kuhusu sevisi ya gari iliyolipiwa kikamilifu na kufanywa nusu

Tegeta,
Dar es Salaam.
14 Aprili 2025

Meneja wa Huduma,
Kampuni ya Matengenezo ya Magari,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: SEVISI YA GARI AINA YA BMW 323i ILIYOFANYIKA KWENU TAREHE 8 MACHI 2025

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Siku ya Jumamosi, tarehe 8 Machi 2025, niliwaletea gari langu la mwaka 2008, umbo la E90, lenye injini ya silinda 6 ya N52, kwa ajili ya sevisi ya mwaka. Lilikuwa limetembea kilomita 118,412. Nililiacha kwenu saa mbili asubuhi, nikalichukua saa kumi jioni, na nikalipa ankara yote ya shilingi 1,659,080 pamoja na VAT, nikapewa risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kodi. Ninaandika kwa sababu baadhi ya kazi zilizoorodheshwa katika ankara hiyo hazikufanyika, na kwa sababu mtu fulani katika karakana yenu aliiambia kompyuta ya gari kwamba zimefanyika. Hilo la pili ndilo lililonisukuma kuandika barua badala ya kuishia kwenye simu.

Nilipolikabidhi gari nilimweleza kijana wa mapokezi, naye akaandika kwenye kadi ya kazi mbele yangu, kwamba nataka oili ya 5W-30 yenye kibali cha BMW Longlife-01, filta mpya ya oili pamoja na ringi zake za mpira na washa mpya ya nati ya kumwagia oili, mafuta mapya ya breki, filta ya hewa ya ndani, ukaguzi wa breki za magurudumu yote manne, na betri mpya kwa kuwa ya zamani ilikuwa imechoka. Dashibodi yenyewe ilikuwa imeshaanza kudai mafuta ya breki, kwani yalibadilishwa mara ya mwisho Machi 2023 na gari huyahesabia miaka 2. Kuhusu oili sikusubiri dashibodi inikumbushe. Muda mrefu unaoruhusiwa na kiwanda unaweza kumfaa mtu anayesafiri kwenye barabara kuu za Ujerumani, lakini anayekaa kwenye foleni ya Mwenge kila asubuhi, injini ikiunguruma na gari halisogei, hawezi kuzitegemea kilomita peke yake zimwambie oili yake imefanya kazi kiasi gani. Kwa hiyo mimi hubadilisha kila mwaka, au kabla ya kilomita 10,000.

Jioni ile nilipofika nyumbani nilipima oili. Kama mnavyojua, injini hii haina kijiti cha kupimia; kipimo husomwa kwenye dashibodi baada ya injini kupata moto. Kilionyesha kwamba oili imejaa hadi alama ya juu, nami nikaridhika. Tarehe 29 Machi nilisafiri na familia kwenda Morogoro kwa ajili ya Idd, na kabla hatujafika Chalinze taa ya njano iliwaka ikinitaka niongeze lita 1. Gari lilikuwa limetembea kilomita 645 tu tangu litoke kwenu. Kati ya alama ya juu na ya chini kuna lita 1, maana yake ni kwamba kiasi hicho kilikuwa kimepotea ndani ya majuma matatu. Chalinze sikupata oili ya kiwango hicho, tukaenda taratibu hadi Morogoro mjini ndipo nilipoipata kwa shilingi 45,000.

Nilipiga simu kwenu nikiwa Morogoro. Aliyepokea alinisikiliza kwa adabu, kisha akaniambia, "Mama, gari za Mjerumani ndivyo zilivyo, zinakunywa oili." Jibu hilo lingeweza kunitosha kama nisingekuwa na tabia ya kuandika kila kinachoingia kwenye gari hili. Kazi yangu ni ukaguzi wa hesabu, na daftari la gari ninalo tangu lilipotolewa bandarini mwaka 2017. Kati ya sevisi ya tarehe 16 Machi 2024 na ile ya kwenu, gari lilitembea kilomita 9,112, na katika safari zote hizo niliongeza lita 1 peke yake. Gari lililokuwa likitumia lita 1 kwa mwaka haliwezi kuanza kuimaliza kwa majuma matatu kwa sababu tu lilitengenezwa Ujerumani. Isitoshe, tulipofungua boneti kulikuwa na harufu ya oili, na upande wa mbele wa injini, chini ya nyumba ya filta, palikuwa pamelowa.

Tarehe 2 Aprili, baada ya kurudi Dar es Salaam, nililipeleka gari kwa fundi mwingine na nikasimama pale pale akilifungua. Aliondoa kifuniko cha filta ya oili, akaitoa filta, akanipa niitazame. Kichwani mwake palikuwa na maandishi ya kalamu ya wino mzito, kwa mwandiko wangu mwenyewe: 16/3/24. Mimi huandika tarehe kwenye kila filta kabla haijawekwa, na hiyo niliiandika mwaka jana mbele ya fundi aliyeifunga. Kwa maneno mengine, filta ya shilingi 65,000 mliyonitoza haikuwahi kuingia kwenye injini yangu. Oili mpya ilimwagiwa juu ya filta iliyokuwa imeshakusanya uchafu wa mwaka mzima. Mafundi wenu wanajua kwamba filta ikiziba sana, oili hupitishwa kando bila kuchujwa ili injini isikauke, na kwamba dereva hana taa yoyote ya kumweleza jambo hilo.

Kilichovujisha oili kilikuwa ile ringi ya mpira ya kifuniko. Ringi ilikuwa ya zamani, imekauka na kubonyea upande mmoja. Inaonekana kifuniko kilifunguliwa na kufungwa tena bila kuibadilisha, ingawa ringi mpya huja katika pakiti moja na filta, na ingawa ankara inanitoza shilingi 12,000 kwa ajili ya ringi na washa. Sielewi kwa nini fundi afungue kifuniko, aione filta chakavu, kisha airudishe. Huenda filta sahihi haikuwepo stoo siku hiyo. Kama ndivyo, simu moja ingetosha, nami ningesubiri hadi Jumatatu.

Naomba muone uzito wa mvujo huo mahali ulipokuwa. Katika injini ya N52 nyumba ya filta iko juu ya altaneta, ile inayochaji betri, hivyo oili inayotoka hapo hudondokea altaneta na mkanda wake. Mkanda uliolowa oili huvimba na kuteleza, na ukikatika vipande vyake vinaweza kuvutwa hadi kwenye sili ya mbele ya krankishafti, mhimili mkuu wa injini, na kuingia ndani ya injini, jambo linalofahamika vizuri kwa watu wanaoshughulika na injini hizi. Mkanda wangu ulikuwa umelowa upande mmoja kwa urefu wake wote. Niliubadilisha kwa shilingi 130,000, na nikalipa shilingi 80,000 nyingine za ufundi na kusafisha eneo lile.

Baada ya kuiona filta nilimwomba fundi huyo akague pia breki, na hapa ndipo ankara yenu inaponishangaza zaidi. Imeandikwa humo: "Kufungua magurudumu 4, kukagua pedi na diski, 60,000." Kila gurudumu la gari langu lina bolti moja ya kuzuia wizi, ambayo haifunguki bila soketi yake maalumu. Soketi hiyo niliitoa kwenye buti mwaka juzi baada ya jirani yangu kuibiwa magurudumu, na tangu wakati huo hukaa kwenye droo ya kabati chumbani kwangu. Tarehe 8 Machi ilikuwa humo droo. Hakuna aliyeniomba, na hakuna aliyenipigia simu kuiulizia. Bolti zenyewe hazina hata mkwaruzo. Ningependa fundi aliyetia saini kwenye mstari huo anieleze aliyafunguaje magurudumu yale.

Mafuta ya breki nayo hayakuguswa. Vifuniko vya mpira vya nipo, yaani vijitundu vya kutolea upepo na mafuta ya zamani kwenye breki, vilikuwa vimegandiwa na tope kavu la barabara yetu ya mtaani kwenye magurudumu yote manne. Mafuta yaliyokuwa kwenye chupa yake yalikuwa ya rangi ya chai ya rangi, na kipima unyevu kilionyesha maji zaidi ya asilimia 3. Mafuta ya breki ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayapaswi kuchemka chini ya nyuzi 230 za Selsiasi, lakini yakishanyonya maji kufikia kama asilimia 3.7 kiwango kinachokubalika hushuka hadi nyuzi 155, na yakichemka dereva hukanyaga breki akakuta hewa. Mimi husafiri kwenda Iringa kila Desemba na kurudi kwa kuteremka Mlima Kitonga, hivyo kwangu hili si jambo la kwenye vitabu.

Sasa nirudi kwenye lile nililolitaja mwanzoni. Ninapofungua orodha ya sevisi kwenye dashibodi, mafuta ya breki yanaonyesha kwamba zamu yao ijayo ni Machi 2027. Gari halikujipangia tarehe hiyo. Kwenye BMW za umbo hili kikumbusho cha kila kipengele hufutwa peke yake, kwa kukibonyeza na kukishikilia kitufe cha kilomita za safari, kukitafuta kipengele katika orodha, kisha kuthibitisha. Aliyefuta cha oili alilazimika kurudia zoezi zima ili afute na cha mafuta ya breki. Kusahau kazi ni jambo la kibinadamu na ningelisamehe, lakini aliyesahau kazi hakumbuki kuifutia taa. Kama mngeacha kufanya kazi mkaiacha na taa ikiwaka, ningeiona kesho yake asubuhi na kuwarudishia gari. Mlichokifanya ni kuinyamazisha ile sauti pekee ambayo ingenionya kwa miaka 2, na laiti oili isingevuja nisingelijua lolote hadi siku ambayo breki zingenijulisha zenyewe.

Ili nisiwaonee, niseme pia yaliyofanywa sawasawa. Oili ya zamani ilimwagwa na mpya ikawekwa, na nati ya chini haivuji. Filta ya hewa ya ndani ni mpya. Betri iliwekwa vizuri ndani ya buti na ikasajiliwa kwenye kompyuta ya gari, kazi ambayo mafundi wengi wa mjini huiruka, na fundi wangu alilithibitisha hilo kwa mashine yake. Anayejua kusajili betri ya BMW hawezi kusema kwamba hajui filta ya oili inakaa wapi. Kuna jambo dogo pia la lita. Mmenitoza lita 7 kwa shilingi 42,000 kila moja, na injini hii pamoja na filta yake huchukua lita 6.5. Nusu lita iliyobaki ni mali yangu na sikuikuta garini. Siiingizi kwenye madai, lakini naomba mjue kwamba nimeiona.

Madai yangu ni haya. Kwanza, nirudishiwe fedha za kazi na vifaa ambavyo havikuingia kwenye gari: filta ya oili 65,000, ringi na washa 12,000, mafuta ya breki 90,000 na ukaguzi wa breki 60,000, jumla shilingi 227,000, ambazo pamoja na VAT ya asilimia 18 zinakuwa 267,860. Kama mna ushahidi kwamba washa ya nati ya chini ilibadilishwa, nitakubali ipunguzwe. Pili, mnilipe gharama zilizosababishwa na mvujo, yaani mkanda, ufundi na ile lita ya Morogoro, jumla shilingi 255,000; risiti zote nimeziambatisha. Filta na mafuta ya breki niliyonunua kwa fundi wa pili siwadai, kwa sababu vitu hivyo ningevilipia hata hivyo, na sitaki kulipwa mara mbili. Jumla ya madai ni shilingi 522,860.

Tatu, na hili halina bei, nataka kumbukumbu ya tarehe 8 Machi katika faili lenu irekebishwe kwa maandishi ili ionyeshe kilichofanyika na kisichofanyika, nami nipewe nakala yenye saini na mhuri. Gari hili nitaliuza siku moja, na atakayelinunua ataliamini faili hilo kama nilivyowaamini ninyi. Naomba pia mwangalie magari mengine yaliyopitia mikononi mwa fundi huyo mwezi Machi. Wenye magari hayo huenda hawaandiki tarehe kwenye filta zao.

Nitasubiri majibu yenu ya maandishi kwa siku 14 tangu mtakapoipokea barua hii. Muda huo ukipita bila jibu, nitalipeleka suala hili Tume ya Ushindani chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, ambayo inakataza kumpotosha mlaji kuhusu huduma anayouziwa. Pamoja na barua hii nimeambatisha nakala za ankara, risiti ya EFD, kadi ya kazi, risiti za fundi wa pili, na picha za filta, mkanda, vifuniko vya nipo na dashibodi.

Filta yenyewe nimeihifadhi nyumbani ndani ya mfuko wa nailoni, ikiwa na tarehe yake. Mnaweza kumtuma mtu aje kuitazama jioni yoyote baada ya saa kumi na moja, ila haitatoka mikononi mwangu hadi suala hili litakapomalizika.

Wenu katika biashara,

Mteja, mwenye gari lililotajwa hapo juu