Mafia wa Italia hawaishi kwa umaskini

Ndugu Mhariri,

Magenge ya uhalifu yakitajwa, wengi hukimbilia kusema kwamba yanazaliwa na umaskini. Naomba nafasi niipinge hoja hiyo kwa mfano wa Italia, nchi mwanachama wa G7, kundi la mataifa saba tajiri.

Tangu 2014 nchi za Umoja wa Ulaya zinatakiwa kujumlisha biashara ya dawa za kulevya, ukahaba na magendo katika hesabu za pato la taifa. Kwa Italia, ukiunganisha biashara hizo na kazi zisizoandikishwa pamoja na mapato yanayofichwa kodi, unapata takriban asilimia 10 ya pato lote. Kinachonisikitisha ni kwamba sehemu ya dawa, ukahaba na magendo ni ndogo. Sehemu kubwa inafichwa na watu wenye maduka, viwanda na mashamba halali, wanaoheshimika mitaani kwao.

Hao ndio watu ambao mafia wanawahitaji. 'Ndrangheta, moja ya magenge makubwa ya mafia, chimbuko lake ni Calabria, moja ya mikoa maskini kabisa ya Italia, lakini Julai 2010 polisi walipokamata watu wapatao 300 kwa mpigo, wengi walikuwa Lombardia, mkoa wa kaskazini ulio kitovu cha utajiri wa nchi hiyo. Fedha chafu hufuata mahali penye zabuni za ujenzi, mikahawa na kampuni za usafirishaji, kwa sababu huko ndiko zinakoweza kuchanganyika na fedha safi bila mtu kushtuka.

Wanaoumia hawaonekani. Kwenye mashamba ya nyanya na machungwa ya kusini, vibarua wengi ni Waafrika. Wanapelekwa shambani na manyapara wanaokata ujira wao, kisha wanalala kwenye vibanda vya maboksi na plastiki. Septemba 18, 2008, huko Castel Volturno, wauaji wa Camorra, mafia wa eneo la Napoli, waliwamiminia risasi wahamiaji wa Kiafrika na kuua sita. Hadi 2016 ndipo sheria ilipombana sawasawa mwajiri, si nyapara peke yake. Na zao linalovunwa kwa unyonyaji huo linauzwa madukani mchana kweupe, kwa stakabadhi.

Aliyelielewa jambo hili mapema ni mbunge Pio La Torre. Alipendekeza kuwa mwanachama wa mafia liwe kosa la jinai lenyewe, na mali ya mafia itaifishwe. Mafia walimuua Palermo, kisiwani Sisilia, Aprili 30, 1982. Sheria yake ilipitishwa Septemba mwaka huohuo, siku chache baada ya Jenerali Dalla Chiesa, aliyetumwa Palermo kupambana na mafia, naye kuuawa. Tangu 1996 mashamba na majumba yaliyotaifishwa yanaweza kukabidhiwa vyama vya ushirika na huduma za jamii. Kwangu mimi hilo ni pigo kubwa kuliko kifungo, maana bosi akifungwa mwingine hukalia kiti chake.

Matteo Messina Denaro, bosi wa mafia wa Sisilia, alipokamatwa Januari 2023, baada ya miaka 30 mafichoni, magazeti mengi yalijaa picha yake. Ombi langu kwenu ni hili: habari kama hiyo ikija tena, waandishi wenu watuambie pia nani alimtunzia fedha, nani alimpa hifadhi, na kampuni zipi zilifanya naye biashara zikijua yeye ni nani.

Msomaji wenu