Nikifurahi, je, ndiyo naanza kuugua tena?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwanamume wa miaka 41, nina mke na watoto. Huu ni mwaka wa sita naishi na ugonjwa wa baipola, ule unaompandisha mtu hisia hadi usingizi ukamkimbia, kisha ukambwaga chini. Natumia lithiamu, napimwa damu mara kwa mara kuangalia kiwango cha dawa, na kwa kweli nimetulia. Mikono inatetemeka kidogo nikishika kikombe, kiu haiishi, lakini nyumba ina amani.

Kinachonisumbua ni kingine. Tangu utotoni nilikuwa mtu wa kushangaa. Nikifikiria kwamba nuru ya kundi la nyota la Kilimia ninayoiona usiku huu iliondoka huko miaka kama 440 iliyopita, mwili ulinisisimka. Ugonjwa ulipopanda, mshangao ukageuka moto: usiku wa nne mfululizo niko juu ya paa na daftari, nikiamini nyota zinanitumia ujumbe. Nilijaza madaftari matatu. Nilipoyasoma baadaye, hata mwandiko sikuutambua.

Dawa ilizima moto, taa nayo ikaenda. Nikitazama juu naona vidoa tu. (Niliwahi kuacha vidonge kimyakimya ili nishangae tena, nikaishia wodini. Kwa hiyo hilo silo ninalouliza.) Daktari huuliza usingizi, hamu ya kula, kazi. Habari za nyota haulizi, nami sijawahi kumwambia. Niliona mtu aliyenusurika akidai na nyota juu yake, huo ni ulafi.

Basi Jumanne alfajiri napiga mswaki, nikaona sisimizi ukutani wanaburuta bawa la nondo. Limesimama wima kama tanga. Wakifika kwenye ufa linayumba, linalala, wanalisimamisha, safari inaendelea. Nilisimama pale mpaka povu likanikaukia mdomoni, nikacheka peke yangu. Hapo nikakumbuka niliyowahi kusoma, kwamba lithiamu ni kati ya elementi tatu za mwanzo, chembe zake chache zilitokea dakika za kwanza za ulimwengu pamoja na haidrojeni na heliamu. Kilimia ni kitoto mbele yake! Na mimi naimeza kwa maji kila jioni, nimenuna.

Nikamwita mke wangu aje aone. Akawatazama sisimizi, akanitazama mimi, akauliza, "Ulilala?"

Nililala kwa muda wa saa saba kamili. Simlaumu, usiku ule wa paa yeye ndiye aliyenishusha. Ila furaha ilikatika palepale, nikaanza kujihesabu: naongea haraka? Nimenunua nini wiki hii? Tangu siku hiyo, kitu kikinipendeza nageuza uso.

Shangazi, mtu wa hali yangu atajuaje kwamba huu ni mshangao wa kawaida na si dalili? Mimi naona tofauti moja: wale sisimizi hawakuwa na ujumbe wowote kwangu, walikuwa na shughuli zao. Je, hiyo inatosha, au najidanganya? Na mke wangu nimwambieje ili asiache kunichunga, lakini nikimwita tena aje kuona kitu, aanze kwa kukitazama hicho kitu? Kliniki ni wiki mbili zijazo. Nifikirie kumweleza daktari habari ya bawa la nondo, au ataniongezea dozi?

Wako,
Mtazama Kilimia