Ada ya uanachama inanunua nini?

Mhariri,

Kampuni kubwa ikitangaza kwamba itamaliza utoaji wake wa hewa ukaa ifikapo 2050, habari hiyo hupata nafasi nzuri gazetini. Naomba nafasi ndogo niulize lisilotajwa kwenye matangazo hayo: kampuni hiyohiyo inalipa ada katika vyama gani vya kibiashara, na vyama hivyo vinawaambia nini mawaziri na wabunge?

Nauliza kwa sababu ndiko kazi inakofanyika. Ni nadra kampuni yenye jina kusimama hadharani kupinga sheria ya tabianchi, maana wateja watanuna. Chama ndicho huajiri washawishi, yaani watu wanaolipwa kuwashawishi watunga sheria, hupeleka maoni kwenye kamati na kulipia matangazo. Ni mwendo wa panya, kuuma huku unapuliza. Wala si mpya. Global Climate Coalition, iliyoundwa Marekani mwaka 1989, ilikusanya kampuni za mafuta, makaa ya mawe na magari, ikapiga vita Itifaki ya Kyoto, mkataba wa kimataifa wa kupunguza hewa ukaa, hadi ilipovunjwa 2002. Shell ilijitoa 1998, Ford ikafuata 1999, na kujitoa kwao kukasifiwa. Miaka waliyoilipia ilipita hivihivi.

Siku hizi kampuni huchapisha ukaguzi wa vyama vyao, na hapo ndipo ninapotaka wasomaji watazame kwa makini. Mwaka 2019 Shell ilikagua vyama 19. Kimoja ilikihama. Vingine 9 ilikuta vinatofautiana nayo “kiasi” kuhusu tabianchi, ikabaki navyo kwa hoja kwamba itavibadilisha kutoka ndani. Miongoni mwa hivyo 9 kilikuwamo American Petroleum Institute, chama cha kampuni za mafuta na gesi Marekani, ambacho TotalEnergies ya Ufaransa ilikihama mwaka 2021 kwa sababu ya msimamo wake huohuo kuhusu tabianchi. Chama kimoja, kampuni mbili za biashara ileile, hukumu mbili. Mkaguzi akiwa ndiye mkaguliwa, neno “kiasi” linabeba mzigo mkubwa mno. (Tuitendee haki Shell: angalau ilichapisha. Wapo wasiochapisha hata orodha.)

Sheria nayo haisaidii sana. Marekani, kwa sheria yake ya 1995 ya kuwasajili washawishi, inawataka waeleze fedha walizotumia na miswada waliyoishughulikia. Haiwataki waseme kama waliunga mkono muswada au waliupinga! Msomaji wa fomu hizo anajua nani aliingia mlangoni, hajui aliomba nini.

Sikatai kampuni zisikilizwe. Zina wahandisi wanaojua mambo ambayo serikali haiyajui. Ninachokataa ni kusikilizwa kwa siri, tena kwa kinywa cha kukodi.

Wenye hisa wameanza kuchoka pia. Mwaka 2020 asilimia 53 ya kura za wanahisa wa kampuni ya mafuta ya Chevron zilitaka ripoti kuhusu ushawishi wa kampuni katika sera za tabianchi. Mwaka uliofuata, katika kampuni nyingine ya mafuta, ExxonMobil, kura za aina hiyo zilizidi asilimia 60, ingawa uongozi ulishauri zikataliwe. Mwaka 2022 wawekezaji walitoa kiwango cha kimataifa chenye vigezo 14, kikiwamo cha bodi ya wakurugenzi kusimamia ushawishi wenyewe. Bado ni hiari, na hiari ina mwisho wake. Bodi iwajibike kisheria: mjumbe mmoja atajwe kwa jina, atie sahihi kwenye orodha ya vyama, ada iliyolipwa kwa kila kimoja, na msimamo ambao kila chama kilipeleka serikalini kwa kila muswada. Mkaguzi wa nje aithibitishe, kama anavyothibitisha hesabu za fedha.

Nanyi wahariri hamhitaji kusubiri sheria. Ahadi nyingine ya 2050 ikiletwa mezani kwenu, mwombeni msemaji wa kampuni orodha hiyo kabla ya kuichapa. Akikataa, andikeni kwamba aliombwa akakataa, tena katika aya ya kwanza.

Msomaji wenu